Peggy's Cove: Kijiji Ambacho Wageni Huja Mashua Zikipumzika

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kujiunga na shule hii nilikaa mwaka mmoja na nusu mjini Halifax, nchini Kanada, kwa shangazi yangu na mumewe. Tangu nirudi nimeulizwa maswali chungu nzima. "Eti huko bahari huganda hadi watu wakatembea juu yake?" "Eti wazungu hawavui, wao hununua tu samaki wa mikebe?" Mwalimu mlezi wa chama alipochoka kutusikia alisema, "Badala ya kumjibu kila mtu bwenini, hebu andika, shule nzima isome." Basi nimetii.

Kanada nzima siiwezi. Nimechagua kijiji kimoja tu cha wavuvi, Peggy's Cove, kilichoko katika mkoa wa Nova Scotia, ukingoni mwa Bahari ya Atlantiki. Nimekichagua kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Vanga, baba yangu ni mvuvi, na huko ugenini nilitambua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nyumbani. Mgeni anaweza kukipenda kijiji, akakipiga picha mia moja, na bado asikione.

KIJIJI CHENYEWE

Kutoka Halifax hadi Peggy's Cove ni kama kilomita 43 kwa gari, kuelekea kusini-magharibi. Ukikaribia, msitu unapungua, miti inakuwa mifupi, halafu inakwisha kabisa. Kinachobaki ni mawe. Mawe, mawe, mawe! Ni miamba ya graniti ya kijivu iliyolala kama migongo ya nyangumi, na juu yake kumekaa majabali makubwa kama nyumba, moja hapa jingine kule, kana kwamba jitu fulani lilikuwa likicheza bao likaziacha kete zake uwanjani.

Mwalimu wetu wa Jiografia atafurahi nikieleza kwamba majabali hayo yaliletwa na barafu. Zamani za kale barafu nene ilifunika sehemu zile, ikasonga polepole huku ikikwangua udongo na kubeba mawe. Ilipoyeyuka ikayaacha pale pale ilipoyafikisha.

Sasa, udongo ukishakwanguliwa, mtu atalima nini? Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini watu wa pale ni wavuvi. Kabla ya wazungu kufika, pwani yote hiyo ilikuwa nchi ya Wamikmaq, wenyeji wa asili, ambao waliishi kwa kuvua na kuwinda, na ambao wangali wanaishi Nova Scotia hadi leo. Mwaka wa 1811 serikali ya mkoa ilizipa familia sita zenye asili ya Kijerumani zaidi ya ekari 800 za ardhi. Ekari 800 za mawe, jamani! Walilima palipokuwa na udongo, wakafuga ng'ombe wachache, lakini riziki yenyewe ilitoka majini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 idadi ya watu ilifikia kama 300. Walikuwa na shule, kanisa, duka na kiwanda cha kutia kambakoche mikebeni. Leo wakaazi wa kudumu hawafiki 50. Yaani bweni letu moja lina watu wengi kuliko kijiji kizima!

Nyumba ni za mbao, zimepakwa rangi nyeupe, nyekundu, manjano na samawati. Zimezunguka hori nyembamba iliyoingia kati ya mawe, na humo ndimo mashua hujificha dhidi ya mawimbi. Vibanda vya kuwekea zana vimesimama juu ya nguzo majini. Kuhusu jina la kijiji kuna maelezo mawili. Wengine husimulia kwamba Peggy alikuwa msichana aliyeokoka chombo kilipovunjika miambani. Wengine husema Peggy ni kifupi cha Margaret, kwa kuwa kijiji kiko mdomoni mwa ghuba iitwayo St. Margaret's Bay. Mgeni huchagua lile linalomfurahisha.

KIANGAZI NA WAGENI WAKE

Majira ya joto huko ni Juni hadi Agosti. Mwezi wa Juni jua hutua karibu saa tatu za usiku. Julai na Agosti shule zimefungwa, na kila mtu anatafuta pwani. Basi hapo kijiji cha watu wasiofika 50 hupokea mamia ya maelfu ya wageni. Mabasi hupanga foleni. Meli za watalii zikitia nanga Halifax, abiria huletwa moja kwa moja hadi Peggy's Cove. Wapo pia wenye nyumba za likizo kandokando ya ghuba, ambao huja na watoto na mbwa wao, wakakaa wiki kadhaa, kisha wakafunga madirisha na kurudi mjini.

Wote huenda kwanza kwenye mnara wa taa. Mnara wa kwanza ulijengwa 1868, na huu uliopo sasa ulijengwa 1915. Ni mweupe, una pande nane na kichwa chekundu, na umesimama juu ya mwamba mtupu ukitazama bahari. Kwa miaka mingi chumba chake cha chini kilikuwa posta, hata mgeni aliweza kutuma kadi kutoka ndani ya mnara. Mwaka wa 2021 lilifunguliwa jukwaa jipya la kutazamia bahari, ambalo hata mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kulifikia.

Kuna kanuni moja ambayo kila mtoto wa pale anaijua: usikanyage mawe meusi. Mawe makavu ni ya kijivu, lakini yaliyo chini karibu na maji yamekuwa meusi kwa sababu mawimbi huyafikia. Bahari inaweza kutulia kwa dakika nyingi, mgeni akadhani imelala, kisha likaja wimbi moja kubwa kutoka mbali na kumzoa. Maji ni baridi na jiwe linateleza, hakuna pa kushika. Kibao cha onyo kipo, tena kimeandikwa kwa maneno makali. Hata hivyo kila kiangazi utamwona mtu na simu yake akishuka hatua moja zaidi, hatua moja zaidi, ili apate picha nzuri. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jambo jingine linalowashangaza wageni ni ukungu. Unatoka Halifax jua likiwaka, unafika Peggy's Cove huoni hata mnara. Sababu yake ni hii: maji ya pwani ile ni baridi hata wakati wa joto. Upepo wa kusi ukileta hewa yenye joto na unyevu, hewa hiyo hupoa inapopita juu ya maji, na mvuke wake hugeuka kuwa matone madogo madogo yanayoelea. Wageni hununa. Wavuvi, kwa upande wao, wamezaliwa nao.

MBONA MASHUA ZIMEFUNGWA?

Siku yangu ya kwanza pale swali langu halikuwa juu ya mnara. Niliangalia gati nikaona mashua zimefungwa kamba mchana kweupe. Mitego, ile ambayo sisi kwetu tunaiita malema, ilikuwa imepangwa kama ukuta, mikavu kabisa. Wageni walikuwa wakipiga picha mbele yake. Kulikuwa na mzee mmoja akipaka rangi maboya. Nilimwamkia kwa adabu, nikamwambia baba yangu ni mvuvi, kisha nikamwuliza mbona leo hawakwenda baharini. Alicheka. "Umekuja kwangu siku ya Jumapili," alisema. "Rudi Jumatatu." Kumbe Jumatatu aliyoitaja ilikuwa ya mwezi wa Novemba!

Ili mwelewe, lazima nieleze kidogo habari za kambakoche, kwani huyo ndiye anayelisha pwani ile. Kambakoche wetu wa Bahari ya Hindi ana vipapasio virefu na miiba, lakini hana magando. Yule wa Atlantiki ana magando mawili makubwa: moja nene la kupasulia na jingine jembamba la kukatia. Kwa hiyo akishavuliwa hufungwa magando kwa vipande vya mpira, asije akamjeruhi mvuvi au mwenzake.

Kambakoche hukua kwa kujivua gamba. Huliacha la zamani kama vile sisi tunavyoacha sare iliyobana, na jipya huwa laini kwa muda. Wengi hujivua wakati wa joto. Ukimvua wakati huo, ndani ya gamba kuna maji mengi na nyama kidogo, tena hufa upesi safarini. Aidha, ukivua mwaka mzima bila kupumzika, utawamaliza. Ndiyo maana pwani ile imegawanywa katika maeneo, na kila eneo lina msimu wake wa kisheria. Katika eneo la Peggy's Cove msimu wa kambakoche huanza Jumatatu ya mwisho ya Novemba na kufungwa tarehe 31 Mei.

Tazama basi mambo yalivyo. Mgeni huja Juni, mvuvi akiwa ameshatoa mitego majini. Mgeni huondoka, na baridi inapoanza kuuma ndipo mvuvi anapoingia kazini. Wawili hawa wanaishi kijiji kimoja lakini miezi tofauti. Wakati wa joto wavuvi hutengeneza zana, wengine huenda kuvua jodari na samaki wengine, na wengine huwapeleka wageni kutembea baharini. Ila kazi kubwa, ile inayojenga nyumba na kusomesha watoto, mgeni wa kiangazi haioni kamwe.

JUMATATU YA MITEGO

Mimi niliiona, kwa sababu nilikuwa nikiishi huko. Mume wa shangazi alinipeleka alfajiri, giza bado, nimevaa makoti mawili na bado natetemeka. Kila mashua ilikuwa imebeba rundo la mitego hadi ukashangaa vipi haizami. Sheria ya eneo lile inaruhusu mitego 250 kwa kila leseni. Taa ziliwaka kila mahali, injini zikanguruma, na wake na watoto walisimama gatini. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga kelele. Walipunga mikono tu.

Siku hiyo mitego hushushwa yote, na kesho yake ndipo huanza kuvutwa. Kama upepo ni mkali mno, ufunguzi huahirishwa, na vyombo vya uokoaji huwa tayari, kwani mashua iliyosheheni namna ile ikipigwa na wimbi ubavuni inaweza kupinduka. Siku za kwanza ndizo zenye mavuno makubwa, na Krismasi iko karibu, kwa hiyo kila mvuvi anataka kwenda. Tamaa ya riziki inamvuta, nayo hofu ya bahari inamshika shati.

Mtego huvutwa kwa roda inayozungushwa na injini, lakini mikono bado ndiyo hutoa kambakoche, hupima na kutia chambo kipya. Kipimo cha chini ni milimita 82.5, kutoka tundu la jicho hadi mwisho wa gamba la mgongo. Asiyefikia hurudishwa. Jike mwenye mayai naye hurudishwa, hata awe mkubwa namna gani. Haya yote hufanywa kwenye upepo wa chini ya nyuzi sifuri, maji ya chumvi yakiruka na kuganda juu ya sitaha na kamba. Basi na wale wa swali la bahari kuganda wapate jibu lao hapo: bahari ya wazi pale haigandi, ila matone yake huganda juu ya mashua, na uzito huo ni hatari. Baadhi ya kambakoche hao husafirishwa kwa ndege wakiwa hai kutoka Halifax hadi Ulaya na Asia. Anayemla mezani hajui kidole cha nani kilikufa ganzi.

USIKU WA 2 SEPTEMBA 1998

Kuna usiku mmoja ambao watu wa pwani ile hawausahau. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair, safari nambari 111, ilikuwa ikitoka New York kwenda Geneva. Moto ulizuka ndani yake, marubani wakajaribu kuigeuza kuelekea Halifax, lakini ikaanguka baharini kilomita chache kutoka Peggy's Cove. Watu wote 229 waliokuwemo walikufa.

Wavuvi wa vijiji vya ghuba ile waliposikia, hawakungoja kuitwa mara mbili. Walitoka na mashua zao gizani wakitumaini kuokoa mtu. Hawakupata wa kuokoa. Walichokiona usiku ule na siku zilizofuata wengi wao hawapendi kukisimulia, nami sitakuwa na adabu nikijaribu kukisimulia kwa niaba yao. Familia za marehemu zilipofika kutoka nchi mbalimbali, wanavijiji walizipokea majumbani mwao na kuzipikia. Leo kuna jiwe la ukumbusho mahali paitwapo Whalesback, karibu na Peggy's Cove. Wageni wa kiangazi husimama hapo, na angalau hapo hunyamaza.

Ukumbusho mwingine umechongwa kijijini penyewe. William deGarthe, mchoraji aliyezaliwa Finland mwaka wa 1907 akahamia Kanada, alijenga makao yake Peggy's Cove. Uzeeni mwake alianza kuchonga mwamba wa graniti ulioko nyuma ya nyumba yake, wenye urefu wa kama mita 30. Alichonga wavuvi 32 pamoja na wake na watoto wao, na malaika aliyewafunika kwa mabawa. Alifariki 1983 kabla ya kuimaliza kazi hiyo.

FEDHA YA MGENI

Je, wageni ni baraka au ni balaa? Jibu langu ni kwamba inategemea nani ameshika usukani. Kwa fedha ya mgeni kuna mikahawa, maduka na kazi za vijana wakati wa likizo. Hata hivyo fedha hiyo inaweza kununua kijiji chote nyumba kwa nyumba, na siku moja ukakuta hori limejaa mashua za mapambo.

Watu wa kule waliliona hilo mapema. Mwaka wa 1962 mkoa ulitunga sheria iliyounda tume ya Peggy's Cove, ambayo kazi yake ni kuamua nini kijengwe na nini kisijengwe. Ndiyo maana hukuti hoteli ya ghorofa kumi juu ya yale mawe. Si kwamba kila mtu anaridhika. Wapo wanaosema sheria inawabana, kwani anayetaka kuishi na kufanya biashara pale hawezi kukaa kama sanamu kwenye picha. Nao wana haki yao.

Hata hivyo naona kuna kanuni nyingine yenye uzito zaidi, nayo ni ya leseni. Kwa wavuvi wadogo wa pwani ya Atlantiki ya Kanada, kanuni husema mwenye leseni ndiye anayepaswa kuivulia mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa sera kwa miaka mingi, na tangu 2021 limetiwa katika kanuni za sheria. Tajiri wa mjini hawezi kununua leseni hamsini akakaa ofisini. Bahari inabaki mikononi mwa watu wenye mashua.

Wanajua pia kinachotokea samaki wakiisha. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ilifunga uvuvi wa samaki mmoja wa maji baridi, jamii ya chewa, kwenye bahari ya Newfoundland, jirani na Nova Scotia. Samaki huyo alikuwa amelisha pwani ile kwa karne nyingi, lakini meli kubwa zilimvua kupita kiasi. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Walidhani ingekuwa miaka miwili. Uvuvi huo wa biashara ulifunguliwa rasmi tena 2024, na kwa kiasi kidogo tu. Vijiji vingi vilibaki na wazee na nyumba tupu. Mtu aliyeshuhudia hayo hamrudishi jike mwenye mayai kwa kuogopa faini peke yake.

NASI JE?

Kwetu Vanga mambo yamepangika kinyume. Kaskazi inapovuma, kati ya Novemba na Machi, bahari hutulia na wavuvi huenda mbali. Ni wakati huo huo hoteli za Diani hujaa. Kwa hiyo mgeni wetu humkuta mvuvi kazini. Hata hivyo yeye naye huona nusu tu, maana haoni kusi: mawimbi, siku za kurudi na vibua vitatu, na deni la dukani. Yule wa Atlantiki haoni baridi, huyu wa kwetu haoni kusi. Kila mmoja hurudi kwao na picha ya mwezi mzuri.

Nami najiuliza kama mtoto wa mvuvi: njia ya kwenda ufuoni ikizibwa kwa ukuta wa kiwanja cha mtu, baba atapitia wapi na wavu wake? Mahali pa kutulia mashua pakiuzwa, BMU itakutana wapi? Peggy's Cove imenifundisha kwamba mgeni hufuata mashua. Ukiiondoa mashua ili upate nafasi ya mgeni, baada ya muda hutakuwa na mashua wala mgeni.

Chama chetu kimepanga safari ya pwani muhula ujao, na wengi wenu mtakuwa mkiiona bahari kwa mara ya kwanza. Nawaomba jambo moja. Mkimkuta mvuvi ufuoni, kabla hamjatoa simu kupiga picha, mwamkieni, kisha mumwulize: "Mzee, mwezi wako mgumu ni upi?" Kaeni chini mumsikilize. Mkirudi, andikeni aliyowaambia mniletee, nasi tutayachapa katika toleo lijalo.